Kinundu Shingoni: Kipimo cha Ngozi Kinasema Nini Juu ya Mzio wa Farasi

Mpwa wangu anatunza farasi Nairobi, upande wa Karen. Masika yaliyopita alinitumia picha ya karatasi aliyopewa na daktari wa mifugo: orodha ndefu ya chavua, ukungu, utitiri na wadudu, na mbele ya kila jina alama kuanzia 0 hadi 4. Farasi wake, dume la miaka tisa ambalo hujikuna kila mvua zikianza, lilikuwa limepata alama 2 au zaidi kwa vitu kumi na saba. Chini ya picha aliandika: "Shikamoo mjomba. Huyu mnyama ana mzio wa dunia nzima?"

Wiki hiyohiyo, hapa Lamu, jirani yangu wa Langoni alinivuta mkono nikitoka msikitini akanionyesha punda wake jike. Mnyama alikuwa amejisugua ukutani mpaka shina la mkia likabaki jekundu, halina unywele. Yule mama ana punda wanne, na ndio wanaomlisha: hubeba mchanga, mawe na mifuko ya saruji kutoka ufukweni hadi ndani ya mitaa ambako hapiti chombo kingine. Alikuwa amesikia kwa mwanawe kwamba siku hizi kuna kipimo cha sindano kinachoonyesha mnyama anadhuriwa na nini. "Kwani hakiwezi kuletwa huku kwetu?" akaniuliza.

Maswali hayo mawili yana mzizi mmoja, na nimeona niyajibu kwa urefu, kwa sababu nimeona watu wengi wenye mapenzi ya kweli na wanyama wao wakitoa fedha nyingi kwa ajili ya karatasi kama ile, halafu wakaisoma vibaya. Kipimo chenyewe hakina uongo. Ila kinajibu swali moja, na watu hukiuliza lingine.

Ngozi inakumbuka nini

Mwaka 1873 daktari mmoja wa Manchester, Uingereza, Charles Blackley, ambaye kila msimu wa nyasi kuchanua aliteseka kwa mafua na kupiga chafya, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikwaruza ngozi ya mkono wake, akapaka chavua ya nyasi, na mahali pale pakavimba na kuwasha. Huo ndio mwanzo wa vipimo vyote vya ngozi tunavyovijua leo.

Kilichokuwa kikitokea ndani hakikujulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1921 Wajerumani wawili, Carl Prausnitz na Heinz Küstner, walifanya jambo ambalo mtu wa pwani atalielewa haraka. Küstner alikuwa hawezi kula samaki. Akila, mwili wote unafura. Walichukua maji ya damu yake wakayadunga kwenye ngozi ya Prausnitz, ambaye samaki hawakumdhuru. Kesho yake wakadunga mahali palepale dawa iliyotengenezwa kwa samaki, na ngozi ya Prausnitz ikavimba. Basi kuna kitu ndani ya damu kinachobeba kumbukumbu ya mzio, na kinaweza kuhamishwa kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Ilichukua zaidi ya miaka arubaini kukitambua kitu hicho: ni aina ya kingamwili iitwayo IgE, iliyobainishwa miaka ya 1966 na 1967 na Kimishige na Teruko Ishizaka huko Marekani, na wakati huohuo na Johansson na Bennich huko Uswidi.

Farasi naye anayo IgE, na punda vilevile. Kingamwili hizi hujishikiza juu ya seli za ngozi ziitwazo masti, seli zilizojaa histamini kama chupa iliyojaa maji. Kikija kile kitu ambacho IgE inakijua, chupa hupasuka, histamini humwagika, mishipa midogo hufunguka, ngozi huinuka na kuwasha.

Daktari anachofanya ni kuiga tukio hilo kwa kipimo kidogo. Hunyoa manyoya upande mmoja wa shingo ya farasi, huchora alama za mistari kwa kalamu, kisha hudunga tone la kila kichochezi cha mzio, kati ya mililita 0.05 na 0.1, ndani ya ngozi yenyewe na si chini yake. Vichochezi hivyo huweza kufika hamsini, sitini au zaidi. Farasi hupewa dawa ya kumtuliza, maana hakuna mnyama mwenye akili atakayesimama kimya kwa sindano sitini; na si kila dawa ya kutuliza inafaa, kwa kuwa nyingine zenyewe hupunguza nguvu ya histamini.

Sindano mbili kati ya hizo ni muhimu kuliko zote, na katika karatasi nyingi huandikwa juu kabisa ambapo watu hawaangalii. Moja ni maji ya chumvi yasiyo na kitu, ambayo hayatakiwi kuinua ngozi. Nyingine ni histamini tupu, iliyopunguzwa hadi sehemu moja kwa laki moja, ambayo ni lazima iinue. Vinundu vingine vyote hupimwa kwa kulinganishwa na hivyo viwili. Kinundu kilichofika angalau nusu ya umbali kati ya maji ya chumvi na histamini hupewa alama 2, na huitwa chanya. Ikiwa histamini haikuinua chochote, kipimo kizima kimekufa, na alama 0 zote zilizobaki hazina maana yoyote. Ikiwa maji ya chumvi nayo yameinua kinundu, basi ngozi ya mnyama huyo hukasirika kwa kuguswa tu, na alama 4 zote hazina maana.

Nilimwambia mpwa wangu aanze hapo. Akatazama: maji ya chumvi 0, histamini 4. Vizuri. Kipimo kilikuwa hai.

Nyakati tatu za kusoma

Watu hufikiri kinundu huonekana mara moja, kama alama ya kuumwa na nyuki. Kwa farasi mambo hayako hivyo. Kinundu cha kwanza husomwa dakika 15 hadi 30 baada ya sindano. Lakini kuna kingine kinachokuja baada ya saa 4 hadi 6, na kingine baada ya saa 24, hasa kwa wadudu. Daktari aliyesoma mara moja akafunga mkoba akaondoka amesoma ukurasa wa kwanza wa barua yenye kurasa tatu.

Na usomaji wenyewe ni wa macho na vidole. Hutazamwa ukubwa wa kinundu, huguswa kuona kimekuwa kigumu kiasi gani, halafu hupewa namba. Madaktari wawili wazuri wanaweza kutofautiana kati ya 1 na 2, na kati ya 1 na 2 ndipo mpaka wa chanya na hasi ulipo. Sisemi hivyo kuwadharau. Mtu anayenunua samaki bandarini naye hupima kwa kidole, na mwenye uzoefu hakosei sana. Lakini hatudanganyiki kwamba kidole ni mizani.

Kisha kuna dawa. Mnyama anayejikuna huwa ameshatibiwa kabla ya kufika kwa mpimaji. Antihistamini huzuia kinundu kuinuka, kwa hiyo zinapaswa kuachwa takriban wiki moja hadi mbili kabla. Steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe na muwasho kama deksamethasoni na prednisoloni, zinahitaji takriban wiki mbili hadi nne, na zile za sindano zinazokaa mwilini muda mrefu zaidi ya hapo. Hili ni jambo gumu kwa mwenye mnyama: unaambiwa umwache anayeteseka ajikune wiki tatu bila dawa ili apimwe. Wapo wanaoficha kwamba walimchoma sindano siku kumi zilizopita, kwa huruma tu. Halafu kipimo kinatoka safi, na kila mtu anafurahi kwa jambo ambalo si kweli.

Vitu kumi na saba

Sasa nije kwenye swali lenyewe la mpwa wangu, ambalo ndilo kiini cha yote.

Kuwa na IgE dhidi ya kitu si sawa na kuugua kwa kitu hicho. Farasi aliyelala kwenye nyasi kavu miaka tisa amevuta vumbi, utitiri na ukungu kila siku ya maisha yake. Mwili wake umekutana na vitu hivyo, umevijua, na pengine umevitengenezea kingamwili, lakini haufanyi ghasia. Ukimdunga shingoni, ngozi yake itainuka. Ukimwachia malishoni, hatajikuna hata mara moja. Utitiri wa vumbi hasa unajulikana kwa hili: farasi wengi wazima, wasio na ugonjwa wowote wa ngozi, hutoa kinundu wakidungwa.

Watafiti wanalijua tatizo hili, na wana njia ya kulipunguza. Huchukua farasi wazima, hudunga kichochezi kikiwa kizito, kisha chepesi, kisha chepesi zaidi, mpaka wapate kiwango ambacho si zaidi ya asilimia 10 ya wazima hao wanainua kinundu. Kiwango hicho ndicho kinachotumika kwa wagonjwa. Ni njia ya busara. Lakini fanya hesabu. Ikiwa kila kichochezi kimeruhusiwa kumshika mzima mmoja katika kumi, na wewe unadunga vichochezi 60, basi farasi mzima kabisa, asiye na mzio wa chochote, anaweza kutoka kwa wastani na vinundu hadi sita vya chanya. Sita, bila ugonjwa! Na hiyo ni pale ambapo viwango vilipimwa vizuri. Si kila kichochezi kimepimwa hivyo kwa farasi. Kwa punda, ambaye ngozi yake si ya farasi, kazi kubwa ya namna hiyo imefanywa kwa binamu yake na si kwake.

Kwa hiyo kumi na saba haikunishtua. Ilinifundisha tu kwamba karatasi ile haikuwa jibu, ilikuwa malighafi.

Nitoe mfano wa kubuni, wenye namba rahisi. Chukua farasi 100 wa mazizi yote ya mji, uwapime wote bila kuchagua. Tuseme 10 kati yao kweli wana mzio, na kipimo kinawakamata 8. Kati ya wale 90 wazima, tuseme 27 wanainua kinundu kwa kitu kimoja au kingine. Una farasi 35 wenye chanya, na 8 tu ndio wagonjwa. Sasa badilisha. Chukua 100 ambao daktari ameshawachunguza, ameshaondoa minyoo, chawa na choa, na ameona wanajikuna msimu uleule kila mwaka. Tuseme 80 kati ya hawa wana mzio kweli. Kwa sindano ileile, yenye ubora uleule, utapata chanya 70, na 64 ni za kweli. Sindano haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kazi iliyofanywa kabla yake.

Mawingu ni dalili ya mvua, wazee walisema, na hawakukosea. Lakini baharia wa hapa hatazami wingu peke yake. Anauliza pia ni mwezi gani, na upepo unatoka kaskazi au kusi. Wingu la kaskazi na wingu la masika si wingu moja.

Usubi na mate yake

Ugonjwa wa mzio unaojulikana kuliko yote kwa farasi duniani hauletwi na chavua wala chakula, bali na kuumwa na usubi, wale vidudu vidogo vya jamii ya Culicoides, wenye urefu wa milimita moja hadi tatu, wanaotoka magharibi na alfajiri. Mnyama hujikuna shingoni penye manyoya marefu, mgongoni, na kwenye shina la mkia. Ngozi hunenepa, hukunjana, hutoka vidonda.

Kuna habari moja juu ya ugonjwa huu ambayo kila nikiieleza watu hunyamaza. Kisiwa cha Iceland kilikaa karne nyingi bila usubi huu, na farasi wake walikuwa hawaumwi. Farasi wa Iceland wakisafirishwa wakiwa wakubwa kwenda nchi nyingine za Ulaya zenye usubi mwingi, zaidi ya nusu yao huweza kupata ugonjwa ndani ya miaka michache. Lakini farasi wa damu ileile, waliozaliwa hukohuko Ulaya bara na kuumwa tangu wakiwa watoto, wanaougua ni wachache sana. Damu moja, ukoo mmoja. Tofauti ni umri ambao mwili ulikutana na mdudu. Na ukimpima farasi huyo kabla hajapanda ndege, ngozi yake haitakuambia lolote, kwa sababu haijawahi kumwona adui. Kipimo cha ngozi husoma yaliyopita. Hakitabiri.

Kuna ugumu mwingine. Kinachomdhuru farasi ni mate ya usubi, protini chache zinazoingia wakati wa kuuma. Lakini dawa nyingi za kupimia hutengenezwa kwa kusaga mdudu mzima: mabawa, miguu, tumbo na vyote alivyokula. Ndani ya uji huo, protini za mate ni kidogo mno, na vitu vingine visivyohusika ni vingi. Ndiyo maana mnyama anayeteseka kweli anaweza kutoka hasi, na asiyeteseka akatoka chanya. Siku hizi watafiti wanatengeneza protini za mate peke yake maabara, na zinaonekana kutenganisha wagonjwa na wazima vizuri zaidi. Hapo ndipo matumaini yangu yalipo.

Halafu usubi si mmoja. Vipimo vya Ulaya na Marekani vimejengwa juu ya usubi wa Ulaya na Marekani. Afrika, anayejulikana zaidi kwa kusumbua mifugo ni Culicoides imicola. Kuna protini wanazofanana, kwa hiyo kipimo cha huko si bure kabisa huku. Lakini ni kama kumtafuta mtu kwa picha ya kaka yake. Na kwa chavua ni zaidi: orodha zimejaa nyasi na miti ya nchi za baridi, ilhali punda wa Lamu anavuta mvinje na mikoko.

Niseme neno moja la pembeni, kwa kuwa watu huniuliza kwa nini mji wetu ni wa punda na si wa farasi. Usubi huuhuu ndio unaobeba ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, ambao ukimwingia farasi asiye na kinga mara nyingi humuua, nao punda humpitia kwa upole, pengine bila hata dalili. Mimi naamini hilo limechangia, pamoja na wembamba wa mitaa yetu.

Damu, chakula na mapafu

Wengine hukimbilia kipimo cha damu, kwa sababu ni chupa moja tu na mnyama hanyolewi. Nawaelewa. Lakini damu ya farasi ina IgE nyingi kwa kawaida, na minyoo huzidisha, na wanyama wetu wasio na minyoo ni wa kuhesabu. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha ulinganisho wa vipimo vitatu vya damu na kipimo cha ngozi, kwa farasi wenye mzio na wasio nao. Hakuna hata kimoja kati ya vile vitatu kilichoweza kuubaini mzio kwa kuaminika. Maabara zimeboresha kazi tangu hapo. Hata hivyo, mtu akinipa karatasi ya damu peke yake akasema "hii ndiyo hukumu", simwamini.

Kwa chakula, ngozi na damu zote mbili hazifai kitu. Mnyama unayemshuku kwa chakula huwekwa kwenye nyasi ya aina moja tu wiki nne hadi nane, akipata nafuu unamrudishia pumba au shayiri moja moja, unasubiri kuona kuwasha kunarudi. Ni kazi ya uvumilivu na daftari, na hakuna njia ya mkato.

Kwa pumu ya farasi, ile ya kukohoa na kupumua kwa tumbo zizini penye vumbi, vinundu havisaidii sana pia: wenye ugonjwa na wasio nao huinua kwa ukungu uleule. Mtoe vumbini kwanza, kisha ndio uongee.

Kabla ya sindano

Basi nilipomwangalia yule punda wa Langoni, sikuwaza mzio. Nilitazama anajikuna wapi. Mkia tu. Shingo safi, mgongo safi isipokuwa alama za zamani za sogi, masikio safi. Usubi hauchagui mkia peke yake kwa miezi miwili, na wale punda wengine watatu hawakuwa na kitu. Nikamwomba mama kipande cha selotepu, nikakibandika chini ya mkia wa punda, pembeni ya tundu, nikakibandua na kukiweka kwenye kioo. Chini ya hadubini kulikuwa na mayai ya minyoo ya mkia, Oxyuris equi, yamejipanga kama punje za mpunga. Jike la mnyoo huyu hutoka kutaga nje ya tundu, na ule ute wake ndio unaowasha. Kipimo cha kinyesi cha kawaida mara nyingi humkosa, kwa sababu mayai hayamo ndani ya kinyesi, yamebandikwa nje.

Dawa ya minyoo na kitambaa cha maji ya uvuguvugu kila asubuhi, kitambaa chenyewe kikichemshwa baadaye. Hayo tu. Lau tungeleta kile kipimo cha sindano sitini, ningekuhakikishia kwamba tungepata vinundu vitano au sita vya kutosha kumlaumu mvinje.

Mtu asiniambie kwamba hayo ni mambo ya punda wa maskini, na kwamba farasi wa Karen ni habari nyingine. Ni ileile. Chawa, utitiri wa ngozi, choa, minyoo ya Onchocerca inayoletwa na usubi na kuwasha tumboni na kichwani, vidonda vya kamba mbaya na sogi isiyofaa: yote haya huwasha, na yote huonekana kama mzio kwa mtu anayetaka kuona mzio. Hapa Lamu tuna bahati. Tangu mwaka 1987 kuna zahanati ya punda ya shirika la The Donkey Sanctuary, na wanyama hutibiwa bila malipo. Mwenye shaka ampeleke mnyama wake huko, aeleze mwezi ulioanza kuwasha, mahali pa mwili, na saa za siku. Historia hiyo ina thamani kuliko nusu ya vinundu.

Wakati wa kufikia sindano upo. Ni pale mengine yote yalipokwisha kuondolewa, mnyama bado anajikuna msimu baada ya msimu, na mwenyewe yuko tayari kwa tiba ya kuuzoesha mwili. Tiba hiyo ndiyo kazi halisi ya kipimo cha ngozi: kuchagua vitu gani vitiwe kwenye chupa ya sindano za kumzoesha, atakazochomwa kwa miezi mingi, pengine mwaka mzima kabla ya kujua kama zinamsaidia. Farasi wengi hupata nafuu, kwa mujibu wa wenyewe, ingawa mara nyingi nafuu hiyo hupimwa kwa macho ya mtu aliyelipa na anayetamani ifanye kazi. Kwa mzio wa usubi hasa, matokeo yamekuwa dhaifu kuliko kwa chavua, kwa sababu ileile ya uji wa mdudu mzima.

Tukarudi kwenye karatasi na mpwa wangu, jioni moja kwa simu, kitu kimoja kimoja. Farasi hujikuna lini? Mvua zikianza, huacha kiangazi kikikaza. Wapi? Shingoni na mkiani. Saa ngapi? Jioni. Basi tukafuta utitiri wa vumbi, kwa kuwa uko zizini mwaka mzima na yeye hateseki mwaka mzima. Tukafuta ukungu wa nyasi kavu kwa sababu hiyohiyo. Tukafuta chavua za miti ambayo haioti Kenya. Kati ya kumi na saba zikabaki tatu: usubi, mbu, na nyasi moja inayochanua wakati wa mvua. Na usubi ulikuwa umepata 2 tu dakika 20 baada ya sindano, lakini 4 baada ya saa nne. Daktari wake, ambaye sasa namheshimu ingawa sijaonana naye, alikuwa amesoma mara tatu na kuandika zote tatu.

"Kwa hiyo tumchome sindano za kumzoesha?" akauliza.

Nikamwambia amwulize daktari, lakini aanze na upepo. Usubi ni mrukaji dhaifu. Upepo mdogo tu unamshinda. Hapa Lamu kusi likivuma, punda wanaofungwa ufukweni hawasumbuki, nao wale wa vichochoro vya ndani, ambako hewa imesimama na maji machafu yanapita, hujikuna usiku kucha. Mwanafunzi yeyote wa madrasa anayepita na kitabu mkononi analiona hilo, hata kama hajawahi kusikia neno IgE. Farasi aingizwe ndani kabla ya magharibi, asitoke mpaka jua lipande, afunikwe kwa shuka jembamba, na kinyesi na matope vitolewe karibu na banda.

Wiki iliyopita alinitumia picha nyingine. Feni mbili kubwa zimefungwa juu ya mlango wa zizi, zimeelekezwa chini, na dume lile limesimama katikati ya upepo, masikio yamelegea, manyoya mapya ya shingoni yameanza kuchomoza kama majani ya mpunga. Aliandika kwamba bado hajaamua juu ya zile sindano, na kwamba feni hizo zinakula umeme sana.